Tofali la Kufungamana: Kagua Kabla ya Kununua

Tofali la kuchoma huiva kwa kuni, na kila tanuri linalowashwa hupunguza miti na kuongeza hewa ukaa angani. Tofali la kufungamana, linaloenezwa nchini Tanzania na Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Ujenzi, halichomwi. Udongo huchanganywa na saruji kidogo, kisha hushindiliwa kwa mashine. Kwa kuwa matofali hayo hushikana yenyewe, saruji ya kuyaunganisha hupungua sana.

Hata hivyo, saruji nayo hutokana na mawe ya chokaa yanayochomwa hadi takribani nyuzijoto 1,450. Ukuta dhaifu ukibomolewa na kujengwa upya, mwenye nyumba hulipa mara mbili na mazingira pia huumia mara mbili.

Kabla ya kulipa, mtumiaji anashauriwa:

1. Kuuliza iwapo udongo ulipimwa. Wenye mfinyanzi mwingi hupasuka unapokauka.
2. Kuuliza kiasi cha saruji, na iwapo matofali yalimwagiliwa maji kivulini kwa siku zisizopungua 7.
3. Kuloweka tofali moja katika ndoo ya maji usiku kucha. Likimeguka au kulainika, asinunue.
4. Kudai risiti inayoonesha idadi na aina ya matofali.

Wakati wa kujenga, msingi uinuliwe na paa litokeze nje ya ukuta, kwani hata tofali imara halipaswi kulowa kila mvua inaponyesha.