Mbona radi ipige kwake tu?

Mvua zikikolea milimani Ileje, watu wa Itumba huchomoa simu kwenye chaji, huzima redio na kukaa mbali na madirisha. Wanajua fika kwamba radi ni umeme wa mawinguni, mwalimu aliwafundisha. Lakini ikipiga zizi la mmoja na kuliacha la jirani, swali hubadilika: mbona kwake tu? Hapo ndipo majina huanza kunong'onwa, na radi huwa imetumwa.

Edward Evans-Pritchard, aliyeishi na Wazande wa kusini mwa Sudan, aliandika mwaka 1937 kwamba ghala likiwaangukia watu waliojipumzisha kivulini, Wazande hawakukana kuwa mchwa ndio waliokula nguzo. Walitaka kujua kwa nini lianguke saa ile ile fulani alipokuwa chini yake. Sisi tuliosoma tunasema ni bahati mbaya. Sawa, ila bahati mbaya huwezi kuipeleka barazani.

Dukani ni vivyo hivyo. Mtu ameshusha mzigo kutoka Tunduma, ameuza tangu asubuhi, jioni anafungua droo hakuna kitu. Chuma ulete, yaani fedha zimevutwa kichawi! Droo hiyo hiyo imetoa ada ya mtoto, unga wa nyumbani na nauli ya shemeji, na daftari halipo. Kumshuku mteja aliyeleta noti iliyokunjamana ni rahisi kuliko kumnyima shemeji.

Wala si suala la kukosa dini. Utafiti wa taasisi ya Pew uliotolewa 2010 ulionyesha kuwa Watanzania 93 katika kila 100 wanaamini uchawi upo, na nchi hii haina upungufu wa misikiti wala makanisa. Sheria ya Uchawi ni ya tangu 1928 na inamwadhibu hata anayemsingizia mwenzake, lakini huku Songwe waganga wa lambalamba bado huitwa vijijini kuwafichua wachawi.

Anayefichuliwa ni nani? Mchumi Edward Miguel alichunguza vijiji 67 vya Meatu, Usukumani, na matokeo yake yakachapishwa 2005. Mwaka wa ukame au mafuriko, mauaji ya wanaoitwa wachawi yaliongezeka maradufu. Mauaji mengine hayakuongezeka. Wengi wa waliouawa walikuwa vikongwe wa kike, na mara nyingi wauaji walikuwa jamaa zao wenyewe. Imani ilikuwepo hata miaka ya mvua nzuri. Njaa ndiyo iliyoipa panga.

Miguel hakupendekeza semina. Alipendekeza wazee walipwe pensheni, ili bibi awe mtu wa kuleta fedha nyumbani. Zanzibar ilianza kufanya hivyo 2016, wakati huo Sh20,000 kwa mwezi kwa kila aliyefikisha miaka 70. Bara hakuna pensheni ya wazee wote, na bibi wa Ileje, gunia la mahindi likikaribia kwisha, anahesabiwa kama mdomo mmoja zaidi.