Kabla ya Kutuma Pesa ya "Usajili", Soma Tarehe ya Noti

Mteja wetu mmoja alikuta noti ya kigeni ndani ya kitabu cha nyimbo alichoachiwa na shangazi yake, aliyefanya kazi miaka mingi na masista kutoka Ayalandi. Ilikuwa noti ya kijani ya pauni 1, yenye picha ya mwanamke aliyejitanda shali. Akaipiga picha, akaiweka kwenye kundi moja la mtandaoni. Jioni hiyo hiyo jamaa akamwandikia: "Mama, hiyo ni adimu sana. Naichukua kwa laki nne. Tuma kwanza 2,500 ya usajili."

Akatuma. Kesho yake jamaa akataka tena 6,000, eti ni za ushuru. Hapo ndipo mteja alipotupigia.

Tuseme ukweli: ile 2,500 ilikuwa imeshatolewa kwa wakala na hatukuweza kuirudisha. Lakini ile 6,000 ilibaki kwenye simu yake. Nasi tukajiuliza: kwani watu wanaokusanya noti hizi kweli hufanyaje? Tulichojifunza kinaweza kukuokolea pesa, hata kama hujawahi kushika noti ya Ayalandi.

Noti zenyewe

Ayalandi ilianza kutoa noti zake tarehe 10 Septemba 1928. Mwanamke wa kwenye picha ni Hazel Lavery, mzaliwa wa Chicago, aliyechorwa na mumewe, mchoraji Sir John Lavery. Noti hizo zilidumu hadi miaka ya 1970. Zilianza kuchapwa London na kampuni ya Waterlow, ambayo mwaka 1961 ilinunuliwa na De La Rue. Ndiyo, De La Rue ile ile iliyotuchapia noti zetu Kenya kwa miaka mingi.

Kulikuwa pia na noti za mkulima anayelima kwa farasi. Hizo zilianza mwaka 1929, zikiwa na majina ya benki 8, na za mwisho zina tarehe za mwaka 1941. Zile za thamani kubwa, kama pauni 50 na 100, ni shida kuzipata leo.

Kwa nini tarehe?

Kila noti ya Lavery imechapwa tarehe upande wa mbele. Sura haibadiliki sana, lakini tarehe zilibadilika mara nyingi. Tarehe nyingine zilichapwa kwa wingi, nyingine kwa uchache. Kwa hiyo noti mbili zinazofanana kama mapacha, zilizopishana miezi michache tu, zinaweza kuwa na bei tofauti kabisa. Uzee peke yake hautoshi.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia kukaongezwa jambo lingine. Noti zilikuwa zinavuka bahari kutoka Uingereza, na meli zilikuwa zinazamishwa. Basi kati ya 1940 na 1944 noti ziliwekewa herufi ndogo ya ziada, ili shehena ikipotea njiani ijulikane ni noti zipi hasa. Leo wakusanyaji wanatafuta tarehe pamoja na herufi.

Kazi iko kwenye daftari

Mkusanyaji makini hanunui tu, anaandika. Kila noti anayoiona, iwe yake, ya rafiki au ya mnadani, anaiingiza kwenye orodha: thamani, tarehe, nambari, sahihi na hali yake. Nambari ndiyo inayozuia noti moja kuhesabiwa mara mbili inapouzwa tena. Ikiwa kwa miaka mingi tarehe fulani imeonekana mara chache tu, basi hapo ndipo neno "adimu" linapokuwa na uzito. Bila orodha, hilo ni neno tu la mdomoni.

Sasa rudi kwa yule jamaa. Hakuuliza tarehe. Hakuuliza nambari. Hakutaka kuona upande wa nyuma wala mikunjo. Alichouliza ni kama mama ana pesa kwenye simu. Tulipoiangalia ile noti ilikuwa ya miaka ya 1970, imekunjwa mara nne na pembe moja imechanika. Si noti ya kumtoa mtu laki nne.

Je, haina thamani yoyote? Inayo. Ayalandi iliingia kwenye euro, na pauni yake iliacha kuwa pesa halali tarehe 9 Februari 2002. Hata hivyo Benki Kuu ya Ayalandi bado inabadilisha noti za zamani kwa kiwango kisichobadilika: pauni 0.787564 kwa euro 1. Maana yake pauni 1 ni kama euro 1.27. Hicho ndicho kima cha chini. Linganisha na 2,500 alizotuma.

Ukikuta noti ya zamani, fanya hivi

- Usiioshe, usiipige pasi, usiibandike selotepu. Iweke bapa ndani ya karatasi safi.
- Andika thamani, tarehe, nambari na herufi zote unazoziona.
- Linganisha na bei ambazo noti ya tarehe hiyo hiyo ilishauzwa mnadani, si bei ambazo watu wanaomba.
- Mnunuzi ndiye anayekulipa wewe. Ukiambiwa utume ada ya usajili, ushuru au "cheti" kwanza, simama hapo hapo.
- PIN yako haihusiani na mauzo yoyote. Usimpe mtu.
- Ukishatuma kimakosa, tupigie mara moja ukiwa na nambari ya muamala. Dakika chache zinaweza kuamua kama pesa itapatikana au la.

Na usifute zile meseji za muamala. Ni daftari lako. Mteja wetu alikuwa ameitunza yake, na ndiyo iliyotuwezesha kuifunga laini ya yule jamaa kabla hajampata mama mwingine.

Noti ya shangazi imerudi ndani ya kitabu cha nyimbo. Mteja anasema haiuzi tena. Ila ameshaandika tarehe yake.