Mtu Aliyelala Juu ya Kaburi



Juzi mama mmoja wa kigango chetu alikuja ofisini kwangu parokiani, macho mekundu kwa kulia. "Mwanangu karani," akasema, "nieleze picha hii." Katika simu yake mlikuwa na picha ya karata, aliyoletewa na binti yake afanyaye kazi mjini. Binti huyo alikuwa amemlipa mpiga ramli. Katika picha mtu amelala chali juu ya kaburi. Panga tatu zaning'inia juu yake, na ya nne i chini yake. Mama alikwisha kuamini kwamba mtoto wake atakufa.

Yafaa nanyi mjue niliyomweleza, maana picha za namna hii siku hizi zafika hata vijijini.

Karata ile huitwa Nne ya Panga, nayo ni moja katika karata 78 za taroti. Karata hizo zilianza Italia ya kaskazini katika karne ya 15, tena zilikuwa za mchezo tu, kama hizi zichezwazo barazani. Katika karne ya 18 ndipo zilipoenea kwa kupigia ramli, hasa Ufaransa. Mwaka 1781 Court de Gébelin aliandika kwamba zilitoka Misri ya kale. Ushahidi hakuwa nao, wala haujapatikana hata leo.

Picha yenyewe ilichorwa Uingereza mwaka 1909 na Pamela Colman Smith, kwa maagizo ya A. E. Waite. Mchoraji huyo aliingia Kanisa Katoliki mwaka 1911. Itazameni vizuri. Aliyelala ni sanamu ya askari wa zamani, kama zile zilizochongwa juu ya makaburi katika makanisa ya Ulaya. Mikono yake imeunganishwa kwa sala. Katika kioo cha dirisha limeandikwa neno PAX, yaani amani. Hata wapiga ramli wenyewe husema maana yake ni kupumzika na kutafakari baada ya taabu.

Lakini msije mkasema, "Basi, karata ni njema." Kipande cha karatasi hakijui kesho. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2116, yakataa ramli za kila namna. Je, tumkatae mpiga bao wa kwetu, tumpokee huyu kwa kuwa karata zake zatoka Ulaya?

Nikamwomba mama ampigie binti yake simu palepale. Kumbe mtoto alikuwa akifanya kazi mchana na nusu ya usiku, siku saba za juma, hana Misa wala usingizi. Alikuwa akitafuta mtu wa kumsikiliza, akampata wa kumlipa.

Ninyi mlio na watoto mjini, mkiwapigia simu mwawauliza nini? Wengi wetu twauliza fedha. Tuwaulize pia kama walala. Bwana wetu mwenyewe, katika Injili ya Marko sura ya 6, aliwaita mitume wake waliochoka waende faraghani wakapumzike kidogo.

Mama akasema katika simu, "Njoo nyumbani ulale, mwanangu." Binti akafika Ijumaa. Jumamosi alilala hata jua likawa utosini, wala hakuna aliyemwamsha. Jumapili niliwaona wote wawili kanisani.