Utangulizi: Kusuka kwa Mkono Transfoma ya Kutolea Sauti

Kama umewahi kufungua amplifaya ya valvu, ile inayokuza sauti kwa mirija ya kioo badala ya transista, umekiona kipande kizito cha chuma kilichokaa kati ya valvu na spika. Hiyo ndiyo transfoma ya kutolea sauti. Isikutishe: ni koili mbili za waya wa shaba zilizozungushwa kwenye kiini kimoja cha chuma.

Kazi yake ni nini? Valvu hutoa volti nyingi na mkondo mdogo, ilhali spika huhitaji volti chache na mkondo mkubwa. Ukigawanya volti kwa mkondo wa sauti unapata impidansi, inayopimwa kwa omu. Tuseme valvu zako zinahitaji mzigo wa omu 5,000 na spika ni ya omu 8. Tofauti ni mara 625. Hapa wengi hukosea wakadhani watasuka mizunguko 625 kwa 1. Sivyo. Transfoma ikishusha volti mara 25, hupandisha mkondo mara 25 papo hapo, na 25 mara 25 ni 625. Basi uwiano wa mizunguko ni 25 kwa 1. Rudia hesabu hii mpaka ikukae, maana mengine yote yanaitegemea.

Lakini mizunguko 25 haitoshi. Ili gitaa la besi lisikike, koili ya msingi, yaani ya upande wa valvu, lazima iwe na indaktansi kubwa: uwezo wa kupinga mabadiliko ya mkondo. Ndiyo maana tunasuka, kwa mfano, 2,500 kwa 100. Tatizo ni kwamba mizunguko ikizidi, sehemu ya nguvu ya sumaku huvuja bila kuifikia koili ya upili, ile ya spika, na mlio wa matoazi hufifia.

Dawa ni kuzigawa koili na kuzipishanisha: tabaka za msingi, karatasi ya kuhami, tabaka za upili, kisha msingi tena. Mhandisi D.T.N. Williamson alipochapisha muundo wa amplifaya yake ya valvu katika jarida la Wireless World la Uingereza mwaka 1947, transfoma yake ilikuwa na sehemu nyingi zilizopishana hivyo. Kwangu mimi, huu ndio moyo wa ufundi wenyewe.

Unaposuka kwa mkono, shika waya kwa mkazo ule ule tangu mwanzo hadi mwisho. Angalia zaidi ukingoni mwa kila tabaka: mzunguko mmoja ukiteleza hadi tabaka la chini, waya mbili zenye tofauti kubwa ya volti hugusana, vanishi inayozihami hupasuka na koili huungua. Kata karatasi iwe pana kidogo kuliko tabaka.

Anza na amplifaya ndogo ya wati chache. Kabla ya kugusa chochote, zima umeme, mwaga chaji ya kapasita, kisha pima kwa mita uhakikishe volti zimeisha, kwani volti za valvu huua.