Miksa iliyopotea: Somo ghali kwa produsa chipukizi

ILIKUWA Jumatano jioni simu ilipolia. Aliyepiga ni mwalimu wa kwaya niliyokuwa nimeirekodi wiki tatu awali katika chumba changu cha kupanga mtaani Eastlands, Nairobi. Waimbaji walikuwa 12, nikawarekodi watatu watatu kwa sababu zaidi ya hapo tungekaliana.

“Kijana wangu, wimbo umetoka vizuri. Wazee wameupenda,” akasema. “Shida ni tenori tu. Wamemezwa na kinanda. Wapandishe kidogo halafu nikutumie salio.”

Salio lilikuwa Sh4,000. Kazi yenyewe, dakika mbili. Nikamjibu kwa madaha: “Hiyo ni ndogo, mwalimu. Kufikia saa mbili usiku utakuwa nayo.”

Nilipofungua faili sikuikuta kwaya. Nilimkuta rapa.

Ikanijia polepole nilichofanya. Wiki moja baada ya kumaliza wimbo wa kwaya, jamaa wa mtaa wa pili alikuja kurekodi ngoma yake. Kwa kuwa nilipenda jinsi sauti za kwaya zilivyotulia, nilifungua mradi wao, nikafuta chaneli zao, nikaacha ikwalaiza na kompresa, kisha nikamrekodi rapa hapo hapo. Stima za kwetu hazitabiriki, kwa hivyo nilikuwa nikihifadhi kazi kila baada ya dakika chache. Sikubadilisha jina la faili. Kila nilipohifadhi ngoma ya rapa, nilikuwa nikiizika miksa ya kwaya.

Programu ilikuwa na nakala zake za akiba, lakini ilitunza chache tu za mwisho, na zote zilikuwa za rapa. Makosa yalikuwa yangu, si ya mashine.

Sauti zenyewe zilikuwepo kwenye folda, safi kama siku zilipoimbwa. Kilichopotea ni miksa. Hapo ndipo nilielewa kitu ambacho vijana wengi tunaojifunza uprodusa kwa YouTube huwa tunakiruka: sauti iliyorekodiwa na miksa ni vitu viwili tofauti, na kila kimoja huhifadhiwa kivyake.

NAMBA 280

Hebu tuhesabu. Wimbo wa kwaya ulikuwa na chaneli 14: sauti za waimbaji, kinanda, gitaa na ngoma. Kila chaneli ina kiwango chake cha sauti, na mahali pake kati ya kulia na kushoto. Ikwalaiza yenye bendi nne ina mambo matatu ya kurekebisha kwa kila bendi, hivyo ni 12. Kompresa ina kama matano: inaanzia wapi, inabana kwa nguvu kiasi gani, inashika haraka vipi, inaachia haraka vipi, na inafidia kiasi gani. Ongeza kiasi cha mwangwi.

Jumla ni namba 20 kwa chaneli moja. Zidisha kwa 14 upate 280. Hakuna kichwa cha mtu kinachoweza kukumbuka namba 280 wiki tatu baadaye, tena zilizopatikana kwa kusikiliza, si kwa kukokotoa.

Nilikesha siku tatu nikijaribu kuzirudisha. Mwalimu alisikiliza, akanyamaza kidogo.

“Tenori sasa nawasikia,” akasema. “Lakini hii siyo ile, kijana wangu. Ile ilikuwa na uhai.”

Alinilipa, maana ni mtu muungwana. Ila nyimbo tano zilizobaki za albamu yao zilirekodiwa kwingine.

WAZEE WALITUMIA PENSELI

Tatizo hili halikuanza na sisi. Enzi za meza kubwa za kuchanganyia sauti, studio moja ilipokea wasanii tofauti kila siku. Kabla ya kumpisha anayefuata, msaidizi wa studio aliketi na karatasi iliyochorwa vitufe vyote, akaweka alama ya penseli mahali kila kitufe kilipoelekea. Wengine walipiga meza picha kwa kamera za Polaroid. Msanii akirudi, kazi ilianza kwa kurudisha vitufe kimoja kimoja kwa kufuata karatasi.

Mwanzoni mwa miaka ya 1980, meza za SL 4000 E za kampuni ya Solid State Logic ya Uingereza zilipata umaarufu mkubwa, na mfumo wake ulioitwa Total Recall ulichangia. Usidhani vitufe vilijizungusha vyenyewe. Kompyuta ilionyesha tu kwenye skrini kila kitufe kilikuwa wapi, na binadamu ndiye aliyekizungusha hadi kikalingana. Hata hivyo, hayo yalikuwa maendeleo makubwa.

Mwaka 1995 Yamaha ilileta 02R, meza ya kidijitali ambayo vitelezi vyake vya sauti vilisogea vyenyewe ukiita mpangilio uliouhifadhi. Leo uwezo huo uko kwenye laptopu yako. Swali ni kama unautumia.

NGAZI TATU

Ya kwanza ni mradi mzima. Kila mabadiliko makubwa yapewe faili mpya. Kwenye FL Studio, ukibonyeza Ctrl na N programu inahifadhi toleo jipya na kuliongezea namba. Toleo la zamani halitaguswa. Kwingine, tumia ile amri ya kuhifadhi kwa jina jingine. Jina nalo liseme jambo. “Mwisho”, “mwisho2” na “mwisho-kweli” hazitakusaidia mwezi ujao. Andika “Kwaya-Wimbo1-Miksa03-tenori-juu” na utajua bila hata kuifungua.

Ya pili ni picha ya miksa, yaani namna vitufe vyote vilivyo kwa sasa, ndani ya mradi ule ule. Cubase Pro ina sehemu ya kupiga picha kama hizo na kuzirudisha kwa kubonyeza tu. Reaper huzipata kupitia kiongezo cha bure kinachoitwa SWS. Ardour nayo, kwenye matoleo yake ya karibuni, ina mandhari za miksa unazohifadhi na kuziita utakapo. Faida yake? Mteja akikwambia “ile ya kwanza ilikuwa poa kuliko hii”, unamsikilizisha zote mbili papo hapo na yeye ndiye anaamua. Mara nyingi utagundua alikuwa sahihi.

Ya tatu ni chaneli moja. Hapa ndipo ningejiokoa. Sikuhitaji kufungua mradi wa kwaya ili kuazima mipangilio yake. FL Studio hukuwezesha kuhifadhi hali ya chaneli moja ya miksa kama faili inayojitegemea, na Reaper huhifadhi traki kama kiolezo. Ukimrekodi mtu mwingine unaanza mradi mpya, unaita kiolezo, basi. Cha mtu hukigusi.

KOMPYUTA HAIKUMBUKI YOTE

Usilale ukidhani kuhifadhi mradi kumemaliza kazi. Kuna mambo yanayoponyoka.

Moja ni vitufe vya nje. Kile kisanduku unachochomekea maiki mara nyingi kina kitufe cha kuongeza nguvu ya sauti, na kama ni cha kuzungusha kwa mkono, programu haijui umekizungusha hadi wapi. Msanii akirudi kurekodi ubeti mmoja aliokosea, sauti yake itakuja tofauti na beti nyingine. Dawa ni ile ile ya wazee wa Polaroid: toa simu, piga picha. Piga vitufe, piga na maiki ilivyosimama na umbali wake kutoka kwa mwimbaji. Weka picha kwenye folda ya mradi.

Mbili ni plagini. Mradi unahifadhi jina la plagini na namba zake, hauhifadhi plagini yenyewe. Wengi wetu tumeanza na za kuiba, tusidanganyane. Siku utakapobadilisha kompyuta au mfumo wake, plagini ya wizi inaweza kukataa kufunguka, na miksa nzima ibaki na mashimo. Bora plagini chache zinazokuja na programu yenyewe. Zinatosha sana.

Tatu ni sampuli. Ikiwa kiki uliitoa kwenye flashi ya rafiki, mradi ukifunguliwa bila flashi hiyo utailalamikia. FL Studio inaweza kufunga mradi na sampuli zake zote katika faili moja ya zip. Programu nyingine pia zina njia ya kukusanya sauti zote kwenye folda moja.

Tena, kuwa mwangalifu na toleo la majaribio la FL Studio. Linakuruhusu kuhifadhi mradi, lakini halikuruhusu kuufungua tena kama kawaida hadi ulipie. Wapo waliofanya kazi usiku kucha, wakazima kompyuta, asubuhi ndipo wakagundua. Reaper hukupa siku 60 za kuijaribu ikiwa na uwezo wake wote. Soma masharti kabla ya kupokea kazi ya mtu.

Mwisho kabisa, kazi ikikamilika, toa kila kundi la sauti kama faili ya WAV ikiwa na ikwalaiza na mwangwi wake. Hata programu ikifa miaka 10 ijayo, faili hizo zitachezwa. Kisha weka nakala mahali pawili au patatu: laptopu, diski ya nje, na mtandaoni. Google Drive hutoa GB 15 bila malipo. Laptopu ikiibwa kwenye matatu, usiibiwe pia kazi za watu.

MASIKIO KWANZA

Tahadhari moja. Mipangilio iliyohifadhiwa ni mahali pa kuanzia, si pa kumalizia. Namba zilizomfaa dada mwenye sauti nyororo zinaweza kumfanya rapa mwenye sauti nzito asikike kama yuko ndani ya mtungi. Nilijifunza hilo kwa rapa yule yule. Sauti yake haikukaa vizuri kwenye mipangilio ya kwaya, nikaibadilisha karibu yote. Yaani niliharibu kazi ya watu ili kuazima kitu ambacho hata hakikunifaa.

Na pesa? Wateja hawarudi kurekodi kila mwezi, lakini hurudi na mabadiliko: wimbo bila sauti kwa ajili ya harusi, kipande cha sekunde 30 cha tangazo, neno moja la kubadilisha. Kubalianeni mapema ni marekebisho mangapi yamo ndani ya bei, yanayozidi yalipiwe. Mwaka jana mteja aliomba ala tupu za wimbo wa miezi minane nyuma. Nilifungua mradi, nikazima chaneli za sauti, nikamtumia kabla chai haijapoa. Alinilipa Sh1,500, na kesho yake akaniletea mwenzake.

Ile miksa ya kwanza ya kwaya ninayo bado, lakini ni ile MP3 niliyomtumia mwalimu kwa WhatsApp. Naweza kuisikiliza. Kupandisha tenori ndani yake siwezi.

Kwa hivyo leo, kabla hujazima mashine, fungua mradi wako wa karibuni na uuhifadhi kwa jina jipya. Ni sekunde tano tu.