Jeli ya sindano: je, goti lililosagika laweza kupona?

Bila shaka umewahi kumsikia bibi akiinuka kwenye kigoda: "Aaa, magoti yangu!" Wengine husema ni baridi, wengine uzee tu. Lakini ndani ya goti kuna nini hasa?

Ncha za mifupa inapokutana zimefunikwa na gegedu, kitu cheupe chenye utelezi. Umeshaliona kwenye paja la kuku. Gegedu huzuia mfupa usisuguane na mfupa. Tatizo ni kwamba halina mishipa ya damu. Ukijikata kidole, damu huleta vya kuzibia kidonda. Gegedu likichanika, nani ataleta? Daktari William Hunter aliandika huko London mwaka 1743 kwamba gegedu likiharibika halirudi, na hadi leo jambo hilo linawasumbua madaktari. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2019 watu milioni 528 walikuwa na ugonjwa wa kusagika viungo.

Ndipo wataalamu wakafikiria jeli. Chukua mfano wa uji. Ukiwa moto unamiminika. Ukilala hadi asubuhi unaganda na kushika umbo la kikombe. Haidrojeli ni nyuzi ndogo mno zilizofungamana kama wavu na kushika maji mengi. Huingizwa ikiwa majimaji, kisha huganda na kujaza shimo, ili seli zipate pa kujishikiza na kujenga gegedu jipya. Mwaka 2013 watafiti wa Marekani walieleza walivyoijaribu kwa wagonjwa 15. Waliimimina kwenye mashimo ya gegedu wakati wa upasuaji wa goti, wakaigandisha kwa mwanga. Mashimo hayo yalijaa vizuri kuliko ya wagonjwa wachache waliopasuliwa bila jeli.

"Basi nimpeleke bibi akachomwe!" Ngoja kwanza. Shimo moja dogo si sawa na goti zima lililosagika. Zipo pia sindano za asidi ya hailuroniki, kitu kilichomo kwenye ute wa goti, zilizoruhusiwa Marekani tangu mwaka 1997. Uchambuzi wa tafiti nyingi uliotolewa mwaka 2022 ulionyesha kuwa hupunguza maumivu kidogo tu. Kwa hiyo anayekuahidi goti jipya kwa sindano moja anataka pesa yako. Kwa sasa bibi atasaidiwa zaidi na mazoezi mepesi, kupunguza uzito kama umezidi, na dawa za maumivu kwa ushauri wa daktari.

Na wewe je? Umeanguka uwanjani, goti limevimba, wenzako wanapiga kelele: "Funga kitambaa, ingia, mechi ni yetu!" Usiwasikilize. Anayeumia goti ujanani yumo katika hatari zaidi ya kusagika baadaye. Toka, weka kitu cha baridi, nenda zahanati. Mechi nyingine ipo wiki ijayo. Gegedu ulilonalo halina la akiba.