Basi la Mandera: Abiria waliogoma kutengwa

Wadau, fikiria uko kwenye haisi, unatoka Muleba kwenda Bukoba mjini. Mmebanana kama kawa, Waislamu na Wakristo, stori ni bei ya kahawa tu. Mara wenye bunduki wanasimamisha gari: Waislamu huku, Wakristo kule. Ungefanyaje?

Kenya ilitokea kweli. Novemba 2014, al-Shabaab waliteka basi karibu na Mandera, wakatenga wasio Waislamu, wakaua 28. Tarehe 21 Desemba 2015 wakaja na mchezo uleule kwenye basi lingine. Safari hii wakagonga mwamba! Akina mama wa Kiislamu waliwapa Wakristo hijabu wajifunike, na abiria wakagoma kutengana: mtuue wote au mtuache.

Sasa sikia. Bunduki haijui dini ya mtu. Gaidi anahitaji abiria wamwonyeshe mwenzao, na siku ile hakumpata wa kumwonyesha. Watu wawili waliuawa, lakini wengi walipona.

Mwalimu Salah Farah, Mwislamu, alipigwa risasi kwa kukataa kuwaacha wenzake. Akiwa amelazwa aliomba watu waishi pamoja kwa amani. Alifariki Januari 2016, Nairobi.

Mie siku hizi nikipanda haisi namsalimia kwanza niliyekaa naye.